Kuna mnyama anaingia banda la kuku usiku, nizibe vipi?

teteajeupe: Wakuu habari za muda huu. Nina kibanda cha mbao nyuma ya nyumba na kiuzio mbele yake cha kuku kutembea mchana, nimezungushia ule waya wa kuku wa kawaida. Sasa kuna kitu kinakuja usiku, asubuhi nakuta kuku wamekufa na wala hawajaliwa, wameng'atwa shingoni tu, halafu mmoja kichwa hakipo mwili uko palepale kando ya waya. Chini pia kumefukuliwa. Ni mnyama gani huyu? Na nimwage zege au? Kubomoa nijenge upya siwezi kwa sasa.

fundi_mabanda: Pole sana mkuu. Kuua wengi bila kula ni tabia ya kicheche na wenzake, akiingia mahali kuku hawana pa kukimbilia anaua tu. Huyo aliyekosa kichwa inawezekana muuaji wake hakuingia hata ndani, kuku alilala ameegemea waya akavutwa kichwa kupitia tundu. Waya ule kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke, mnyama anayetaka kuingia haumsumbui, mbwa anauchana kwa meno. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa, vitundu vya nusu inchi. Kama hela haitoshi anza na banda lenyewe wanapolala, kwenye uzio weka kuanzia chini mpaka sentimita 60 hivi, juu bakisha huo wa zamani. Na usigongelee zile pini ndogo za kubana waya, zinang'oka, kaza kwa skrubu na washa (kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu).

Zege achana nalo. Laza wavu chini kuelekea NJE, sentimita 45 mpaka 60, uungane na ule uliosimama, pigilia vigingi uweke mawe juu, majani yakiota hutauona. Mnyama anachimba palepale anapogota ukutani, akikutana na waya chini anahangaika weee hajui kwamba angerudi nyuma kidogo angepita.

kuku_na_bata: Kwenye zege sikubaliani na fundi moja kwa moja, kama una panya sakafu ya banda ni bora iwe ngumu au uliinue banda juu ya miguu, usawa wa goti hivi, wasipate pa kujificha chini yake. Panya anapita kwenye tundu linalotosha kidole gumba, anakula vifaranga, alafu panya wakizoea hapo nyoka naye anawafuata. Chakula kitoe jioni na mayai okota mapema, hilo halina gharama.

teteajeupe: Asanteni sana. Na mwewe je? Afu mlango nafunga kwa kile kibao kinachozunguka kwenye msumari, kinatosha?

mama_vifaranga: Hakitoshi ndugu yangu, mnyama akisukumasukuma kinazunguka chenyewe. Weka komeo la chuma na kufuli hata dogo, na mlango usiache uwazi chini. Mwewe anakuja mchana, funika uzio kwa wavu wa juu na uukaze usilegee kuku wakanasa. Ila jamani watu wakishaogopa wanaziba mpaka madirisha, kinyesi kinatoa amonia, ile hewa yenye harufu kali, kuku wanaanza kukohoa, acha uwazi juu karibu na paa uweke huohuo wavu wa nusu inchi. Ukishafanya yote hayo na bado unasahau kufunga jioni umefanya kazi bure, maana kuku usiku haoni vizuri, anakaa kwenye kichanja anasubiri kuliwa.

fundi_mabanda: Nyongeza, kumjua ni nani nyunyiza majivu laini pale palipofukuliwa, asubuhi soma nyayo. Mbwa anaacha alama za kucha, paka kwa kawaida haachi. Ukikuta nyayo za ndala hiyo anzisha mada nyingine 😂