Mama anahema na kubanwa kifua anapopanda mlima: chanzo chaweza kuwa nini?

Muulizaji, Uyole, Mbeya
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 56. Siku hizi akirudi kutoka shambani na ndoo ya viazi kichwani, hulazimika kusimama njiani kwa kuwa pumzi humwishia na kifua humbana, ingawa akikaa kidogo hutulia. Majirani wanasema ni baridi ya huku juu.

Tabibu, Iringa
Ni kweli Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lakini mwili wa mtu aliyekulia huko umekwisha kuizoea hewa hiyo. Mlima ni uleule. Aliyebadilika ni mama. Kifua kinachobana wakati wa kazi na kuachia wakati wa mapumziko hutufanya tufikirie kwanza mishipa ya moyo iliyosinyaa, hasa maumivu yakipanda hadi kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, na wapo wanawake wengi ambao hawataji maumivu kabisa, bali uzito na uchovu. Upungufu wa damu, pumu, presha ya muda mrefu na kuharibika kwa valvu za moyo navyo huleta hali kama hiyo.

Mchangiaji, Njombe
Msisahau moshi. Huku kwetu kwa ajili ya baridi tunapikia kuni ndani, milango imefungwa, na mapafu huharibika hata kwa mama ambaye hajawahi kuvuta sigara. Je, anakohoa au amekonda? Kama ndivyo, apimwe na kifua kikuu.

Muulizaji
Hakohoi wala hajakonda. Ila jioni miguu huvimba, na usiku hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito.

Tabibu, Iringa
Hayo yananielekeza kwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, kwa hiyo msingoje mavuno yaishe. Aanze wiki hii kupimwa presha, sukari na wingi wa damu katika kituo cha afya, kisha aombewe rufaa kwa ajili ya kipimo cha umeme wa moyo, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya moyo. Kifua kikimbana akiwa amekaa tu, kisipoachia kwa dakika kadhaa, au akitokwa na jasho jembamba la baridi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dawa za kupunguza maji mwilini msimnunulie dukani kabla hajaonwa, kwani zinaweza kuvuruga chumvi za mwili na figo.