Re: Sola ya nyumbani na ruzuku za serikali

Assalaam alaykum dada, na wote humu,

Nimeisoma barua yako: sola ya nyumba yenu Leicester, na paneli za kumpelekea Bi Mkubwa kule Wete, Pemba. Usiyachanganye mambo haya mawili.

Hapa Uingereza serikali haikupi fedha mkononi kwa sola. Inakusamehe kodi ya ongezeko la thamani: ni asilimia 0 hadi tarehe 31 Machi 2027, kwa sharti kwamba anayekuuzia ndiye anayekufungia. Ukinunua paneli tupu dukani unatozwa asilimia 20. Kwa hiyo hizo unazotaka kuzitia kwenye kontena hazimo. Na huyo aliyekupigia simu akakuahidi pauni 7,500 mkimbie. Fedha hizo ni za pampu za joto, si za paneli.

Faida nyingine ni kuuza umeme unaokubakia mchana. Mpango huu ulianza Januari 2020, baada ya ule wa zamani kufungiwa waombaji wapya mwaka 2019. Kila kampuni inajipangia bei, basi zunguka ulinganishe. Si lazima umuuzie yule unayenunua kwake.

Lakini kilichonitoa jasho ni cheti, kile wanachokiita MCS, cha kuthibitisha kwamba sola imefungwa kwa viwango. Fundi wetu alimaliza kwa siku moja, akashusha ngazi, akapokea salio lake, akaenda zake. Cheti hakuleta, simu hapokei. Bila cheti kampuni ya umeme haikusajili. Tangu Mei mpaka Septemba, jua la kutosha, kila jioni nasoma mita: uniti zimetoka, na mimi sijalipwa hata peni. Tafadhali dada, fungu la mwisho usilitoe mpaka cheti ukishike.

Ya Wete, nunua hukohuko, kwa fundi atakayerudi inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, ikigoma. Na usiache betri! Sola iliyounganishwa na gridi bila betri hujizima yenyewe umeme wa ZECO, shirika la umeme Zanzibar, ukikatika, isije ikawaumiza mafundi walio kwenye nyaya. Mimi nilikuwa Unguja Disemba 2009, umeme kutoka bara ulipokatika ukakaa miezi mitatu. Maji hayapandi, mama anateka kisimani kwa ndoo, na samaki wote tuliwala siku ile ile au tuliwakausha.

Nduguyo wa Coventry

---

Wa alaykum salaam kaka,

Allah akulipe kheri. Nilikuwa nitie saini Jumamosi na wangenidai nusu ya fedha siku hiyo hiyo. Nimeahirisha, nimewaomba namba yao ya usajili kwanza.

Bi Mkubwa anataka friji, taa na feni moja tu, pampu ya kisima hana haja nayo. Betri ya kiasi gani itamfikisha alfajiri? Walio Chake au Wete waliokwisha kufunga watuambie walichotumia.

Dada yenu, Leicester