Huu ujumbe wa "kataa miswada ya maji, stima na kura" una maana yoyote?

Kinyozi_Kariobangi

Habari zenu wakubwa. Kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti yetu kuna ujumbe unazunguka tangu Ijumaa: "Wananchi tusilale! Kataa miswada mitatu, ya maji, ya stima na ya uchaguzi. Jaza jina na nambari ya kitambulisho, kisha tuma kwa watu ishirini." Hakuna nambari ya muswada, hakuna kifungu, hakuna jina la mwandishi. Mimi nina kinyozi. Mashine inataka stima, vichwa vinataka maji, na mfereji ukikauka nanunua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni, kwa hivyo mambo haya yananihusu. Kura pia, maana uchaguzi mkuu wa hapa Kenya, Agosti 2027, si mbali. Lakini nikimuuliza aliyeutuma miswada yenyewe inasema nini, ananijibu, "Soma kaka, nchi inauzwa." Nisome wapi? Na mtu wa kawaida akipinga, kuna anayesikiza, ama ni kumaliza bando bure?

Msafiri wa 23

Ni kumaliza bando. Muswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi mpya, watu walitoa maoni mpaka wakachoka, na wabunge wakaupitisha vilevile tarehe 25 Juni. Rais alikataa kuutia sahihi kesho yake kwa sababu vijana waliingia barabarani, na wengine hawakurudi kwao. Barua haikufanya kitu.

Katibu_Umoja

Kaka kinyozi, kwanza usijaze hiyo kitambulisho. Ombi rasmi kwa Bunge, lile la Kifungu cha 119 cha Katiba, ni kweli huwa na majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Lakini hapo unaweka sahihi chini ya ombi ulilolisoma, na unamjua anayelipeleka. Kutoa maoni kuhusu muswada ulioko kwenye kamati ni jambo jingine: ni barua tu kwa Karani wa Bunge. Ujumbe usio na mwenyewe unaokusanya vitambulisho, hata uwe wa kupinga nini, mimi siugusi.

Pili, anayekwambia ukatae miswada mitatu kwa pumzi moja pengine hajasoma hata mmoja. Muombe nambari na mwaka. Kila muswada unavyo, na huchapishwa kwenye nyongeza ya Gazeti Rasmi la Serikali, kisha unapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Akikosa nambari, hapo hakuna cha kupinga bado.

Ukiupata, usianzie mbele, utalala. Anzia nyuma. Huko kuna maelezo ya madhumuni, yana jina la anayeuleta muswada, na yanasema kama unagusa haki za watu, kama unahusu kaunti, kama utatumia pesa za umma. Ikiwa unarekebisha sheria ya zamani, mwishoni kabisa huwa wamechapa vile vifungu vya zamani vinavyotaka kubadilishwa. Weka kidole huku na kidole kule ulinganishe. Kwa maji, sheria mama ni ya 2016. Kwa stima ni ya 2019. Hapo ndipo utaona kama nchi inauzwa ama ni mtu amebadilisha jina la bodi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: huduma za maji na usambazaji wa stima viko kwenye orodha ya kazi za kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Na muswada unaogusa uchaguzi wa gavana ama wa mwakilishi wadi, Kifungu cha 110 kinauhesabu kuwa wa kaunti. Kwa hivyo miswada ya aina hii kwa kawaida hupitia Seneti pia. Kamati mbili, milango miwili. Ukipitwa na tangazo la gazeti la kamati ya kwanza (na siku wanazotoa mara nyingine ni chache mno, hilo ni la kulalamikia), bado kuna ya pili.

Kuhusu kusikizwa. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha maoni kuhusu mambo ya maji, ukumbi umejaa. Mzee mmoja aliongea kwa uchungu juu ya mifereji mikavu, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Yule kijana wa kamati aliyekuwa akinakili alikuwa ameweka kalamu chini. Akaja mama anayeuza maji kwenye kioski, ana karatasi iliyokunjwa, akataja kifungu, akasema kimeweka kioski chake na lori la maji kwenye leseni moja, ada moja, na anataka vitenganishwe. Mwenyekiti akamwambia arudie polepole, kalamu ikaanza kukimbia. Makofi hakupata.

Msafiri, ya 2024 sibishani nawe, na waliokufa siwezi kuwafanya hoja ya mtandaoni. Ila kumbuka tarehe 18 Juni, wiki nzima kabla, kamati ya fedha ilishaondoa VAT ya mkate na ile kodi ya magari ya asilimia 2.5. Haya yalikuwa vifungu ambavyo kila mtu aliweza kuvitaja. Kama ilikuwa barua, ama simu za wabunge kujaa jumbe, ama vijana walioanza kuandamana siku hiyohiyo, sijui nani atatenganisha.

Na ya kura msiichukulie kama ya mwisho kwenye orodha. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba. Kabla ya marudio ya 26 Oktoba, Bunge lilikuwa limeshapitisha mabadiliko ya sheria za uchaguzi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu vyake, kwa sababu kuna mashirika ya kiraia yaliyokwenda kortini. Muswada wa uchaguzi hukimbizwa. Wa maji hukaa miaka.

Mama Stacy

Katibu amesema vizuri, lakini watu wa ploti hawatasoma kurasa arobaini. Gawaneni. Mmoja achukue vya ada, mwingine vya leseni, mwingine vya faini. Sisi tulifanya hivyo jioni moja dukani kwangu.

Kinyozi_Kariobangi

Asanteni. Nimemuuliza tena nambari, amenitoa kwenye grupu 😂. Swali la mwisho: Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Katibu_Umoja

Andika. Kifungu cha 120: lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara. Muswada wenyewe mara nyingi utaukuta kwa Kiingereza, kwa hivyo nambari ya kifungu usiikosee. Sema unataka kifutwe ama kibadilishwe kiwe vipi, na kitakugusaje hapo kinyozini. Ukurasa mmoja unatosha. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo.