Mrejesho: Vinyonga wadogo wa Usambara wametotoa

Ndugu zangu, miezi sita iliyopita niliuliza kwa nini vinyonga wangu wadogo wenye mkia mfupi, waliozaliwa kwa mfugaji hapa Hamburg, walikuwa wakidhoofu ndani ya tangi la kioo. Nawashukuru kwa dhati. Niliondoa taa ya joto kama mlivyonielekeza, nikatandaza udongo wa sentimita 8 na majani makavu, nikawa nanyunyiza maji asubuhi na jioni, na kwa nyuzi 22 walianza kulamba matone na kuwinda inzi wa matunda. Jike alifukia mayai matano; matatu yaliota ukungu kwa sababu nililowesha udongo kupita kiasi, jambo lililoniuma sana, lakini mawili yametotoa, na kila mtoto anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba changu.