Naomba ushauri: siti za valvu zinalika tangu nihamie gesi

Habari za kazi wakuu. Naendesha bajaji Dar, niliihamisha kutoka petroli kwenda gesi asilia, ile ya kujazwa kwenye mtungi. Gharama imeshuka sana na sitaki kurudi petroli.

Shida ni valvu ya eksozi, ile ya kutoa moshi, na siti yake, yaani pete ya chuma ambayo valvu huikalia ikifunga. Asubuhi injini inagoma kuwaka, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imeshuka, na tukifungua tapeti, pale panaposukuma valvu, tunakuta nafasi imekwisha kabisa, hata fila geji (bamba la kupimia nafasi) nyembamba haipiti. Tunaiweka sawa, baada ya muda inabana tena. Valvu inazidi kuzama kwenye siti.

Plagi nimebadilisha. Valvu mpya ya eksozi imewekwa na kusagwa vizuri, ila siti ni ileile ya kiwandani. Tulipofungua hedi (kichwa cha injini), uso wa siti ulikuwa mpana, una vijishimo, kama chuma kimenyofolewa. Fundi anasema gesi ni kavu: petroli huacha utando mwembamba unaotenganisha vyuma, gesi haiachi, kwa hiyo valvu na siti vinagusana vikiwa na moto mkali, vinashikana na kuchunana. Naona ana hoja, maana valvu ya kuingiza hewa haijaharibika kiasi hicho.

Sasa naomba kwa waliopitia hili: nikichonga hedi na kupachika siti ngumu zaidi, valvu ya kawaida itahimili au nayo ibadilishwe? Na kile kifaa cha kudondoshea kilainishi kwenye njia ya hewa, kinasaidia kweli kwenye injini ndogo?

Natanguliza shukrani.