Karakta mpya wa Free Fire: nimpimeje kabla ya kutoa daimondi?

mwana_wa_igoma

Wakuu salaam. Karakta mpya wa Free Fire (gemu la kupigana risasi kwenye simu) kaingia na apdeti hii, ananunuliwa kwa daimondi, yaani pesa ya ndani ya gemu, na vijiweni hapa Igoma, Mwanza, hakuna habari nyingine. Jina lake nalikwepa makusudi. Uzi ukitaja jina unageuka ugomvi wa mashabiki, na apdeti ijayo atakuja mwingine tuulizane yale yale. Skili yake, yaani uwezo wake maalumu, ni ya kubonyeza, ya kujikinga: kwa sekunde chache inapunguza madhara ya risasi.

Jumamosi saa mbili usiku skwadi yetu ina mechi za Clash Squad (raundi fupi, wanne kwa wanne) pale Makoroboi. Video zinamsifia, lakini wanaorekodi wana pingi (muda wa habari kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde) ya 30 na simu za bei. Sisi simu zetu ni za RAM GB 2 mpaka 4, pingi inacheza kati ya 120 na 200. Naomba namna ya kumpima kwa namba. Neno "noma sana" nimeshalisikia la kutosha.

---

jiwe_la_bugando

Soma maelezo ya skili kama unavyosoma karatasi ya mkopo wa kausha damu: shida iko kwenye maandishi madogo.

Anza na muda. Inakaa sekunde ngapi, inapoa sekunde ngapi, na kuldauni (huo muda wa kupoa) inaanza kuhesabu lini? Hilo la mwisho wengi hawaliangalii. Chukua Alok, karakta wa kurudisha damu, alivyokuwa mwanzoni, levo 6: skili ilikaa sekunde 10, kupoa sekunde 45. Kuldauni ikianza pale unapobonyeza, skili inakufanyia kazi sekunde 10 katika kila 45, yaani asilimia 22. Ikianza skili ikishaisha, ni 10 katika 55, asilimia 18. Shika simu ya pili yenye saa, bonyeza, subiri kitufe kiwake tena, utajua.

Kwa Clash Squad hata hizo asilimia zina mpaka. Kama raundi zenu zinaisha ndani ya dakika moja na kidogo, skili ya kupoa sekunde 90 unaitumia mara moja tu kwa raundi. Hapo swali linabaki moja: hiyo mara moja inabadilisha nini?

Sasa hesabu ya risasi. Damu ni 200. Tuseme bunduki inatoa 30 kwa risasi mwilini: 6 ni 180, kwa hiyo unakufa kwa ya 7. Ukiwa na punguzo la 10%, kila risasi inatoa 27, saba ni 189, adui anahitaji ya 8. Punguzo la 5% linatoa 28.5, na saba ni 199.5. Unabaki na nusu pointi ya damu! Gemu likikata desimali kwenda juu, umekufa vilevile. Chukua bunduki ya 24: bila skili unakufa kwa risasi ya 9, na kwa 5% (22.8 kila moja, tisa ni 205.2) bado ni ya 9. Kwa hiyo skili ile ile inakuokoa kwa bunduki moja na haikusaidii lolote kwa nyingine. Orodhesha bunduki tatu zinazopigwa sana na wapinzani wenu, halafu fanya hesabu hiyo kwa kila moja.

Kumbuka pia kwamba bunduki inayotema risasi 10 kwa sekunde, risasi moja ya ziada ni sehemu ya kumi ya sekunde. Pingi yako peke yake ni zaidi ya hapo.

---

kipanya_mabatini

Hesabu zote hizo za nini? Mnunue, anaua. Punguzo la 20% ni sawa na damu 250, nani hataki?

---

jiwe_la_bugando

250 ni sahihi, 200 gawanya kwa 0.8. Ila Alok wa zamani naye alikuwa anarudisha damu 5 kwa sekunde kwa sekunde 10, jumla 50, hiyo nayo 250. Karatasini wako sawa. Uwanjani, ukirashiwa (ukivamiwa kwa kasi) na kumalizwa ndani ya sekunde moja, Alok kakupa 5 tu, na damu ikiwa bado imejaa hana cha kuongeza. Punguzo linafanya kazi tangu risasi ya kwanza, mradi lilikuwa limewashwa. Upande wa pili, Alok huyo wa zamani alitibu na wenzako walio ndani ya mita 5: wanne mkiwa mmeumia ilikuwa damu 200. Karakta wa kujikinga peke yake hakupi hilo. Ndiyo maana nataka kujua nani kwenye skwadi anamvaa, kabla ya kujua kama ni mkali.

---

dada_wa_nyegezi

Kaka wa Igoma, hapo kwenye "mradi lilikuwa limewashwa" ndipo pingi yako inapokuua.

Adui anaanza kukupiga. Macho na kidole vinahitaji kama sekunde 0.25 kuitikia. Ongeza pingi ya 180, habari kukufikia na kibonyezo kurudi kwenye seva, jumla 0.43. Risasi ya kwanza ikitua sasa, zinazofuata zinatua kila baada ya 0.1, mpaka kinga inawaka zimeshatua 5. Kwa 30 kila moja ni 150. Umekinga damu 50. Mwenye pingi ya 30 anawasha kwenye 0.28, zimetua 3, anakinga 110. Karakta ni mmoja, anayefaidi ni yule wa kwenye video.

Kwa hiyo kwa pingi yenu msimpime kama ngao ya kuitikia. Mpimeni kama skili ya kuingilia: unabonyeza ukiwa bado nyuma ya ukuta wa glu (ule unaouweka mwenyewe papo hapo ujifiche), unahesabu moja, ndipo unatoka. Kama inakaa sekunde 4 na moja imeliwa na kutoka, una 3 za kupigana. Zinatosha kuvuka kutoka glu yako mpaka kwa adui? Pimeni kwa mbio halisi, msikisie.

Majaribio yanahitaji simu mbili na kadi ya chumba (ya kufungua mechi yenu binafsi). Fungua chumba chenu, damu 200, skili zimewashwa, sifa za bunduki zimezimwa, maana ngozi za bunduki zinabadilisha madhara na zitaharibu hesabu yote. Anayepigwa asiwe na fulana wala helmeti. Simameni umbali uleule, mita kama 15, kwa sababu madhara yanapungua kadiri mnavyoachana. Piga risasi moja moja kifuani, andika namba zinazoruka: kumi bila skili, kumi ikiwa imewaka. Kumi hazitaingia ndani ya muda wa skili moja, subirini kuldauni muendelee. Kisha rudieni kichwani, na kwa guruneti, na ndani ya zoni (eneo linalokula damu nje ya duara salama). Skili nyingi za kinga zina aina ya madhara ambayo hazigusi.

Halafu jaribuni kuikatisha. Iwashe, badilisha bunduki. Iwashe, weka glu. Iwashe, ruka dirishani. Mwenzako asimame upande wa pili wa ukuta aseme anaona mwanga au anasikia sauti. Skili inayotangaza ulipo kabla hujatoka ni king'ora.

Kuhusu ucheleweshaji: kwenye mipangilio ya msanidi ya Android washa "onyesha miguso", rekodi skrini, kisha ipitishe polepole. Kwa rekodi ya fremu 30 kwa sekunde, fremu 12 tangu kidole kugusa mpaka madhara kupungua ni sekunde 0.4. Usihesabu mpaka mwanga utokee! Simu yako inaweza kuchora mwanga kabla seva haijakubali. Namba ya madhara ndiyo inayosema kweli.

Na hayo yote fanyeni saa mbili usiku, mkiwa Makoroboi kwenyewe. Saa nne asubuhi mtandao una nafasi, usiku mji mzima uko hewani. Mwanza hii nyumba moja iko juu ya jiwe inaona mnara, ya pili iko nyuma ya jiwe hilohilo inapata vijiti viwili. Mkitumia hotspoti moja kwa simu nne, zimeni apdeti za nyuma na video za WhatsApp kujishusha zenyewe. Simu moja ikianza kupakua, pingi ya wote inaruka.

---

mzee_wa_kamanga

Vijana mmepiga hesabu nzuri. Mimi naongeza historia, maana daimondi ukishatoa hazirudi.

Chrono, karakta wa kujikinga, alitoka Desemba 2020, gemu liliposhirikiana na Cristiano Ronaldo. Kuba lake lilizuia madhara 600, yaani mara tatu ya damu ya mtu, na mwenye kuba alikuwa anapiga waliopo nje huku yeye yuko salama. Mwaka 2021 akapunguzwa makali zaidi ya mara moja: muda ukafupishwa, kupiga walio nje kukaondolewa, kuldauni ikatoka chini ya dakika moja ikapita dakika mbili. Walionunua wiki ya kwanza wakabaki na karakta mwingine kabisa.

Dalili ya atakayekatwa ni hii: anampa mtu kinga na nguvu ya kushambulia kwa wakati mmoja, na mpinzani hana la kujibu. Skyler, kwa mfano, alikuja 2021 na wimbi linalovunja kuta za glu. Hilo lina jibu, unaacha kujificha nyuma ya glu moja na kutanua nafasi. Chrono wa mwanzo ulimsubiri tu kuba liishe.

Kwa hiyo kama Jumamosi ndiyo shida yako, mjaribuni sasa. Kama ni ranki za mwezi mzima, subiri apdeti inayofuata, huwa haizidi miezi miwili hivi. Na umewauliza waandaaji kama chumba kitakuwa na skili zilizowashwa? Chumba maalumu kinaruhusu kuzizima zote. Wakizima, uzi huu wote ni stori za kijiweni.

---

mwana_wa_igoma

Wabeja sana. Waandaaji wanasema skili zitawashwa, sifa za bunduki zitazimwa. Swali moja limebaki: kila mchezaji anabeba skili nne za makarakta, nafasi ya skili ya kubonyeza ni moja, tatu ni za kujiendesha zenyewe. Mrashaji wetu (anayevamia kwanza) sasa hivi ana Alok. Nimtoe Alok?

---

dada_wa_nyegezi

Usimtoe kwa wote wanne. Mrashaji ndiye pekee anayetoka nyuma ya glu kwa wakati anaouchagua, yeye avae mpya. Alok mpeleke kwa anayemfuata nyuma, abaki karibu naye. Nafasi tatu za mrashaji mjazie za mwendo, Kelly (wa kukimbia kasi) aanze, maana sekunde 3 zako zinapimwa kwa mita.

Kitufe usikiache kilipowekwa na gemu. Kikiwa upande wa kidole gumba cha kulia, kila ukibonyeza unaacha kulenga. Kihamishie juu kushoto, karibu na cha glu, ukibonyeze kwa kidole cha shahada, na vitenganishe kidogo ili usiweke ukuta mbele yako ukidhani umewasha kinga.

---

kipanya_mabatini

Hilo la kuweka glu mbele yako nimelicheka. Simu ya GB 2 je, mwanga wa hiyo skili hauishushi fremu?

---

jiwe_la_bugando

Unaishusha. Weka grafiki za chini kabisa, zima vivuli, kisha wasimame wanne wawashe skili zao pamoja sehemu moja. Simu ikikwama hapo, ya GB 2 apewe anayekaa mbali na bunduki ndefu.