Ugomvi melini katikati ya bahari kuu: sheria ya nchi gani inatumika?

Mpwa_wa_Nkuhungu

Wakuu, heshima kwenu. Huku Dodoma meli tunaziona kwenye taarifa ya habari tu, ila vijana wanaomaliza mafunzo ya ubaharia Dar na kuanza kutafuta mikataba wanazidi kuongezeka. Chukulieni hivi: meli ina bendera ya Panama, mwenye meli Mgiriki, nahodha Mhindi, mabaharia Watanzania na Wafilipino. Ipo Bahari ya Hindi, mbali na nchi yoyote. Mtanzania anapigwa na mwenzake hadi mkono unavunjika. Kesi ni ya nani? Na kama shida si ngumi bali mshahara haulipwi, jibu ni lilelile? Vijiweni Majengo wapo wanaoshikilia kwamba huko ni maji ya wote, hakuna sheria.

TeziNaOmo

Sheria ipo, na kwa mfano wako ni ya Panama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria za Bahari wa 1982, kifungu cha 92, unasema meli ikiwa bahari kuu iko chini ya mamlaka ya nchi ya bendera yake peke yake. Utaifa wa mwenye meli hauhesabiki hapo, wala wa nahodha, wala wa aliyepigwa. Meli inayopeperusha bendera mbili na kuzibadilisha kadiri inavyoona faida huhesabiwa kama haina utaifa.

Lakini kabla ya kusema "bahari kuu", uliza meli ilikuwa wapi hasa. Kutoka mstari wa maji kupwa hadi maili 12 za baharini (kilomita 22 na ushee) ni bahari ya nchi ya pwani. Hata humo, kwa meli inayopita tu, nchi ya pwani haitakiwi kuingilia jinai ya ndani ya meli ila kwa sababu chache: madhara yake yamefika nchini, amani imevurugwa, nahodha au balozi ameomba msaada, au ni dawa za kulevya. Kuanzia hapo hadi maili 200, inapoanza bahari kuu, ni ukanda wa kiuchumi, na huu ndio unaowachanganya wengi. Nchi ya pwani ina haki juu ya samaki, mafuta na gesi. Ngumi za mabaharia wawili ndani ya meli ya mizigo bado ni za nchi ya bendera.

Mfano wa samaki tunao nyumbani. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wetu, ile kesi ya "samaki wa Magufuli", wakati huo akiwa waziri wa uvuvi. Bendera haikuwasaidia waliokamatwa, kwa sababu kosa lilikuwa uvuvi. Kilichokuja kuiangusha kesi kwenye rufaa mwaka 2014 kilikuwa mwenendo wa mashtaka hapa kwetu. Nani ana mamlaka ni swali moja, kuyatumia kwa utaratibu ni jingine.

Wakili_Ipagala

Niongeze kwa upande wa jinai. "Peke yake" ya TeziNaOmo inahusu nani anaweza kuisimamisha na kuipanda meli. Haizuii nchi nyingine kumshtaki raia wake akirudi nyumbani. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, inawafuata raia wa Tanzania kwa makosa waliyotenda nje ya nchi. Kwa hiyo kama aliyepiga ni Mtanzania, anaweza kujibu hapa. Kama aliyepiga ni Mfilipino na aliyepigwa ndiye Mtanzania, hatuwezi kutuma boti ikaisimamishe meli ya Panama baharini. Njia inapitia Panama, au bandari inayofuata kwa makubaliano na nchi ya bendera.

Meli kugongana ni habari tofauti. Mwaka 1926 meli ya Ufaransa, Lotus, iligonga meli ya Uturuki na Waturuki 8 wakafa. Mahakama ya kimataifa ya wakati huo ikasema mwaka 1927 kwamba Uturuki inaweza kumshtaki ofisa Mfaransa. Mabaharia duniani hawakuipenda hukumu hiyo, na mkataba wa 1982 umeigeuza kwa kifungu cha 97: kwa ajali ya uendeshaji, nahodha hushtakiwa na nchi ya bendera au nchi ya uraia wake tu.

Uharamia ndio unaofungua mlango kwa kila nchi, lakini masharti yake ni mawili: lengo binafsi, na shambulio litoke meli moja kwenda nyingine. Abiria wakiiteka meli waliyopanda, huo si uharamia kwa maana ya mkataba. Pengo hilo lilionekana wazi kwa Achille Lauro, meli ya abiria ya Italia iliyotekwa na watu waliokuwa ndani yake mwaka 1985, ndipo ukaandikwa mkataba mwingine mwaka 1988.

Mpwa_wa_Nkuhungu

Asanteni wakuu. Sasa kijana atajuaje bendera kabla ya kusaini? Na huyo wa mshahara afanye nini?

TeziNaOmo

Bendera isomwe kwenye tezi, yaani nyuma ya meli: chini ya jina la meli huandikwa bandari ya usajili. Ukiona Monrovia ni Liberia, Majuro ni Visiwa vya Marshall, Valletta ni Malta. Ukiona Zanzibar ni bendera yetu, kwa sababu ZMA, mamlaka ya usafiri baharini Zanzibar, husajili hata meli za wageni, wakati TASAC, shirika la uwakala wa meli, inashughulikia Bara. Kama uko Dodoma na meli iko mbali, dai namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho ya meli chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikiuzwa au kubadilishwa jina. Wakala tapeli hubuni namba, na kuna kipimo: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya saba. Kwa 9074729 unapata 63+0+35+16+21+4 = 139, na ya saba ni 9. Sawa. Isipolingana, usitoe hata nauli ya kwenda Dar. Ikilingana, itafute Equasis, tovuti ya taarifa za meli, bure, uone bendera na rekodi za ukaguzi.

Mshahara unaongozwa na mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, na Panama imeuridhia. Wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kupata kazi. Gharama za kwako ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Mshahara usipolipwa miezi miwili na mwenye meli akawa amekata mawasiliano, hiyo ni kutelekezwa, na bima ambayo cheti chake lazima kibandikwe melini hulipa hadi miezi minne ya malimbikizo pamoja na nauli ya kurudi. Kipige picha siku ya kwanza. Na meli ikitia nanga bandari ya nchi iliyoridhia, wakaguzi wa bandari wanapokea malalamiko ya baharia hata kama bendera ni ya kigeni.

Wakili_Ipagala

Kwa aliyepigwa, kinachoharibu kesi mara nyingi ni ushahidi. Andika latitudo, longitudo na saa ya UTC (saa ya kimataifa) papo hapo, maana ndizo zinazoamua maji yalikuwa ya nani. Mpe nahodha malalamiko kwa maandishi, omba yaingizwe kwenye kitabu rasmi cha kumbukumbu cha meli, ubaki na nakala. Omba pia kumbukumbu za VDR, mashine inayorekodi safari ya meli, zihifadhiwe mara moja, kwa sababu mashine za zamani hujifuta baada ya saa 12. Ukisubiri bandari, mabaharia walioona watakuwa wamebadilishwa.

Reli_ya_Kati

Na wanaopanda treni hadi Kigoma kisha meli, katikati ya Ziwa Tanganyika napo ni bahari kuu?

Wakili_Ipagala

Hapana mkuu. Ziwa lote limegawanywa kati ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, hakuna tone lisilo na mwenyewe. Ukivuka mpaka majini, umeingia nchi ya watu. Victoria hivyohivyo. Na boti ya Dar kwenda Unguja haigusi bahari kuu hata dakika moja.